Palahala Katika Majani ya Mgomba

Ambindwile wa Mpuguso hakujua kukaa kitako. Ukimkuta ameketi, ujue anafunga kamba za viatu. Watu wa Mpuguso, ambao kwao mtu mzima ni migomba yake, ng'ombe wake na majirani zake, walimtazama wakaguna tu. Kila mwaka mvua zikipungua, wenzake wakiwa mashambani, yeye alikuwa amekwisha kushuka Usangu, kule kwenye nyika, jua na mbung'o, kuchuna wanyama waliopigwa na wawindaji wa ng'ambo. Alirudi Desemba akinuka chumvi, na kabla begi halijafunguliwa alikuwa anaichungulia barabara.

Kazi yenyewe aliijua, tusimnyime haki yake. Aliianza zamani, uwindaji ulipokuwa mikononi mwa shirika la umma. Zilipokuja enzi za ruksa, kila mwenye nguvu akaanza biashara aitakayo, naye akachukuliwa na tajiri mmoja wa Mbeya aliyeitwa Kasim. Kasim alikuwa na kambi ya uwindaji, alikuwa na mchele, alikuwa na marobota ya mitumba, na kama angepata pa kuweka ndege nadhani angekuwa nazo pia. Wageni wake hawakutaka nyama. Walitaka ngozi ya kichwa na shingo ya mnyama, ikatwe nyuma ya mabega, ihifadhiwe vizuri, ipelekwe Arusha kwenye karakana ambako mafundi waliivika juu ya umbo la mnyama, wakatia macho ya kioo, ikasimama ukutani kama mnyama anayekuchungulia dirishani.

Hapo kwenye "ihifadhiwe vizuri" ndipo Ambindwile alipokula mkate wake. Aligeuza masikio ya mnyama nje ndani kama soksi, akatoa gegedu bila kuyatoboa. Alipasua midomo kwa ndani, akakwangua mafuta kwenye kope, akasugua chumvi mpaka kwenye tundu za pua. Chumvi inyonye maji, maji yachuruzike, chumvi iliyolowa ikung'utwe, itiwe nyingine, kisha ngozi ikauke kivulini kwa upepo. Jua kali linaiunguza. Moto unaipika. Ikipata joto ingali mbichi, manyoya yananyonyoka, na ngozi iliyonyonyoka hata fundi awe malaika hawezi kuirudisha.

Lakini kulikuwa na jambo lililomla Ambindwile. Miaka yote hiyo, wanyama wote hao, hajawahi kuona hata mmoja amesimama. Yeye alichuna, akatia chumvi, akakunja, lori likaondoka. Ni kama mpishi asiyeruhusiwa kuonja. Aliota nyuso zile, nyati na kongoni na palahala, zikiwa tambarare kama nguo za kufua, zinamwuliza zimeishia wapi.

Basi mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimu ukiwa unafungwa, mgeni wa mwisho akapiga palahala dume, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizopinda nyuma. Mweusi tii, uso mweupe wenye michirizi, shingo nene yenye nywele za kusimama. Mizigo mingine pamoja na pembe zake ilikuwa imekwisha kutangulia Arusha. Kasim akamwita Ambindwile pembeni.

"Mzee wangu, huyu utampeleka wewe mwenyewe," alisema. "Karakana wanataka mtu anayejua chumvi. Ukimfikisha na manyoya yake yote, wamesema watakubakiza hapo hapo ujifunze kusimamisha. Akifika ananyonyoka, sina la kuwaambia, na sitakutafutia nafasi nyingine."

Ambindwile hakulala kwa furaha. Kasoro ilikuwa moja tu. Lori la kwenda Arusha lilipaswa kwanza kushuka Kyela kupakia mchele wa tajiri, na ngozi mbichi haiwezi kukaa chini ya magunia. Dereva, kijana mmoja mwenye haraka aliyeitwa Meshaki, akamshusha Mpuguso na mzigo wake pamoja na turubai la kuufunika. "Nitakupitia nikipanda kutoka Kyela," alisema. "Mungu akipenda barabara isiteleze."

Sasa fikiria mwenyewe. Ngozi mbichi, mwezi wa Desemba, Rungwe. Kwetu mvua haiombwi. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo ili ukungu upite, kisha inaendelea pale ilipoachia. Shati unalolianika Jumatatu unalivaa Jumapili likiwa bichi. Na katika nchi hiyo Ambindwile alitaka kukausha shingo ya palahala.

Alijenga chanja jikoni, akatandaza ngozi, akafunika turubai kwa juu maana paa lilivuja. Kisha akahamisha mafiga. Ndiyo, mafiga ya mkewe. Aliyatoa nje chini ya upenu ili moto usiipike ngozi. Atuganile, mama wa binti yao Tulia aliyekwisha kuolewa, akawa anapika ugali na mvua ikimchapa mgongoni.

"Mgeni wako amepata chumba," alisema, "mimi nimepata mvua."

"Vumilia, mama Tulia. Ni siku chache."

"Siku zako chache nazifahamu."

Ambindwile alikuwa amekwisha kuingia tena jikoni kupapasa ngozi. Aliingia, akatoka, akatazama wingu, akatazama barabara, akaingia. Usiku aliamka kusikiliza kama tone limebadilisha mahali. Kuku walichoka kumpisha. Alijua kwamba mkewe anaichukia kazi ile tangu siku ya kwanza, hivyo hakumweleza habari za Arusha. Alisema moyoni kwamba atamweleza lori likifika, maneno yawe machache. Waoga wa namna hii wako wengi, na wengi wao wana ndevu.

Asubuhi moja, ukungu ungali mzito, kilio cha wanawake kikapanda kutoka bondeni. Lazaro amefariki.

Hapa lazima ujue Lazaro alikuwa nani. Zamani za wazee wetu wavulana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaishi pamoja mpaka uzee. Mtindo huo ulikuwa umekwisha kufifia, lakini rika la Ambindwile walionja mkia wake. Walijenga vibanda vyao wakiwa wadogo, wakachunga pamoja, wakaibiana viazi. Na watu wa rika ndio wanaochimbiana kaburi. Baba yake Ambindwile alipokufa, Ambindwile alikuwa porini Usangu anachuna nyati. Habari zilimfikia mzee akiwa amekwisha kuzikwa. Aliyesimama mahali pake, akatupa udongo wa kwanza kama mtoto wa marehemu, ni Lazaro. Hakumlaumu hata siku moja. Wengine walimlaumu vya kutosha. Walisema, "Ambindwile tutamzika kwa salamu, kama yeye anavyotuzika."

Kwa hiyo kwenda msibani halikuwa jambo la kujiuliza. Kuondoka msibani kabla marehemu hajaingia ardhini, hilo ndilo halikufanyika. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa amejitoa mwenyewe, na siku yake ikifika hatamwona wa kumbeba.

Atuganile alijitanda kanga akatangulia. Ambindwile alikuwa anakung'uta chumvi iliyolowa alipotokea mlangoni Yohane, mkubwa wa rika lao, mvua ikimchuruzika puani.

"Ugonile, Ambindwile," alisalimu. "Waombolezaji wanalowa kule. Tunaomba turubai lako."

Turubai! Ambindwile alitazama juu, akatazama ngozi. Kuna vitu unaweza kumnyima jirani, lakini turubai la msibani si mojawapo. Alilifungua kwa mikono yake mwenyewe akalikunja.

"Mnazika leo?" aliuliza.

"Jioni, nadhani."

Mara turubai lilipotoka, tone la kwanza likaangukia shingo ya palahala. Yohane anasubiri nje. Chumvi mpya itayeyuka yote. Ambindwile akafanya lile ambalo mtu yeyote wa Rungwe angelifanya akiwa na haraka. Alitoka na panga, akakata majani mapana ya mgomba, akaifunga ngozi yote, tabaka juu ya tabaka, akakaza kwa kamba za mgomba. Ndivyo mama yake alivyofunga nyama, ndivyo alivyofunga unga na samaki na siagi. Kwetu jani la mgomba ni sahani, ni mwavuli, ni kabati. Aliridhika kabisa. Akaondoka na turubai begani.

Jioni haikuwa jioni. Mtoto wa marehemu, Jacob, alikuwa Dar es Salaam, na ndugu wakasema lazima asubiriwe amwone baba yake. Wanaume wakakaa kuzunguka moto chini ya turubai la Kasim, wanawake wakajaa ndani na marehemu, wakilia na kuimba nyimbo za kanisani kwa zamu. Ambindwile alikaa upande wa barabara. Alinyoosha miguu, akaikunja, akainuka kuchochea moto usiohitaji kuchochewa, akaketi.

"Kuna siafu hapo ulipokaa?" Yohane aliuliza, na wenzake wakacheka kidogo. Msibani kwetu watu wa rika hutaniana, ni haki yao.

"Hapana, ndaga, asante."

"Basi tulia. Lazaro hana haraka leo."

Walikesha pale. Ambindwile alijiambia kwamba jani ni zuri, maji hayapiti, ngozi iko salama, na akajisikia anajiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Kulipokucha, dada yake Lazaro, Winfrida, alileta ndizi mbivu kwa ajili ya wanaume waliokesha. Zilikuwa zimetolewa shimoni muda ule ule, zilikovundikwa chini ya majani. Alimpa Ambindwile chane.

"Mama Tulia yuko wapi?" Winfrida aliuliza. "Tangu jana jioni sijamwona humo ndani."

"Yumo," Ambindwile alisema bila kufikiri, maana alikuwa ameshika ndizi, na ndizi zilikuwa za moto.

Hazikuwa vuguvugu kwa mkono wa mtu. Zilikuwa na joto lao wenyewe, lile la shimoni. Aliziangalia, akazigeuza. Mtoto mdogo wa Mpuguso anajua kwamba kitu kibichi ukikifunika kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, ukakaza, kinapata moto. Ndivyo ndizi zinavyoiva. Na yeye, mtu aliyewafokea vijana kambini kwa kuacha ngozi juani kwa muda wa kuvuta sigara, alikuwa ameivundika shingo ya palahala kama mkungu wa ndizi.

Arusha ilimpotea pale pale, akiwa ameshika chane mkononi. Alitamani kulia, na kwa bahati alikuwa mahali ambapo kulia kunaruhusiwa, lakini machozi yake yangekuwa ya mnyama na hilo lilimtia aibu zaidi.

Alitaka kukimbia. Yohane akamkabidhi sepetu. "Rika, twende tukachimbe. Jacob amefika Mbeya, adhuhuri tunazika."

Walichimba kwa zamu. Udongo wa kwetu ni mweusi na mwepesi, lakini siku ile ulilowa ukawa mzito. Ambindwile alichimba kama mtu anayefukuzwa. Kila zamu yake ilipokwisha alipanda juu, akatazama njia ya kwake, akahesabu moyoni: nikikimbia, nikifika, nikifungua, nikirudi. Kisha alimkumbuka Lazaro akitupa udongo kwa ajili ya baba yake. Akashuka tena shimoni hata kabla ya kuitwa. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alikuwa anayashika yote kwa mikono yenye matope.

Kaburi lilipofika kifuani, mpini wa sepetu yake ukalegea. Hiyo ndiyo njia shetani anayofungua.

"Nakwenda kuchukua sepetu nyingine nyumbani," alisema.

Kulikuwa na sepetu tatu zimelala pale pembeni, kila mtu alikuwa anaziona. Yohane alifuta uso kwa kiganja.

"Ambindwile," alisema polepole, "ukichelewa, hatutakusubiri. Na sitakutetea tena. Nimekutetea tangu siku ya mzee wako."

"Nitarudi."

"Haya."

Alikwenda kwa hatua za heshima mpaka migomba ilipomficha, kisha akakimbia. Aliteleza, akaanguka, akainuka na kiatu kimoja, akarudi kuchukua cha pili. Aliona moshi unatoka chini ya upenu wake na hakuelewa, kwa sababu nyumba ilipaswa kuwa tupu.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Majani ya mgomba yalikuwa yamerundikwa nje, yamebadilika rangi. Ndani, Atuganile alikuwa amesimama juu ya kigoda, kanga zake mbili za msibani zimefungwa juu ya chanja kuzuia matone, na yeye akiwa na gauni la ndani tu na sweta. Ngozi ilikuwa imetandazwa, imekung'utwa, na imesuguliwa chumvi nyeupe ya mawe. Ilikuwa chumvi ya ng'ombe, ile aliyokuwa ameiweka ya kuwalambisha baada ya sikukuu. Alikuwa ameitwanga yote. Alishika ungo akiipepea ngozi, mkono mmoja ukichoka anabadilisha.

Ambindwile aliingia. Alienda moja kwa moja kwenye shavu la palahala, akabana manyoya kwa vidole akavuta. Yalishika. Akavuta sikioni. Yalishika. Kwenye ukingo wa nyuma, palipokatwa mabegani, yalitoka machache, kiasi cha kiganja, mahali ambapo fundi hukata na kutupa. Akashika nguzo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana jioni. Nilikuja kukamua, nikatia mkono kwenye majani yako. Moto." Hakuacha kupepea. "Ndizi nimevundika tangu utoto wangu, baba Tulia. Wewe ulidhani jani linafanya nini?"

"Umekaa hapa usiku kucha? Winfrida anakuuliza. Umetoka msibani?"

"Nimetoka. Nitamwambia kichwa kiliniuma, na hatoniamini. Wewe mbona umetoka?"

Ambindwile aliyaona macho yake yalivyo mekundu, akanyoosha mkono kuupokea ungo.

"Rudi," Atuganile alisema. "Ngozi ninayo mimi. Rudi ukamzike mwenzio, kwa miguu yako, wakuone. Nenda."

Alirudi. Alikuta jeneza limeshafika ukingoni na kwaya imeanza, Jacob ameshikwa na watu wawili. Hakuna aliyemsemesha. Hakuwa na sepetu yoyote mkononi, mpya wala ya zamani. Yohane alimtazama matope ya magotini, akamtazama uso, kisha akasogea hatua moja pembeni, na kwenye kamba ya jeneza kukawa na nafasi ya mtu mmoja. Ambindwile akaishika. Walimshusha Lazaro pamoja, na Ambindwile akalia sana, safari hii kwa ajili ya Lazaro.

Jioni, wakati Atuganile anaoga matope na chumvi, yeye alipika. Aliunguza. Walikula hivyo hivyo chini ya upenu, mvua ikiwa imepumzika.

"Kuna jambo sikukuambia," Ambindwile alianza. "Ile ngozi ikifika salama, mimi nabaki Arusha. Kasim amenitafutia nafasi kwenye karakana. Nitajifunza kuwasimamisha."

"Najua. Meshaki aliniambia siku ile ile alipokushusha. Yule kijana hana kifua."

Ambindwile aliweka tonge chini. "Ulijua? Ulijua, na ukaiokoa? Ungeiacha tu ioze. Ningebaki hapa. Wewe hukuwahi kuipenda hii kazi, mama Tulia. Kila nikirudi unanuna. Kila nikifunga begi unanuna. Ngozi unazichukia, harufu unaichukia."

"Nani alikwambia nachukia ngozi?"

Ambindwile alimtazama usoni.

"Mimi nachukia kubaki," Atuganile alisema. Hakupandisha sauti. "Wewe unatoka, unaona simba, unaona watu wa kila namna, unarudi kuniambia kulikuwa na vumbi. Mimi ninabaki na ng'ombe na maswali ya watu. Miaka yote hiyo hukuniuliza hata siku moja kama nataka kwenda. Umeniuliza kama chai imekwisha kuchumwa. Umeniuliza kama bati linavuja."

Ambindwile alijaribu kukumbuka hata mara moja tu aliyowahi kumwuliza, njiani au kitandani au kwa mzaha, na akarudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka harusini bila kuipata. Yeye, mtu aliyejua kila tundu katika uso wa palahala.

"Unataka?" aliuliza mwishowe, na sauti ilimtoka ndogo.

Atuganile aliinua masufuria, akaingia nayo ndani.

Lori lilifika kesho yake mchana, limesheheni mchele, Meshaki akipiga honi toka mbali kama kawaida yake. Ambindwile alikuwa anakunja ngozi, nyama kwa nyama, manyoya nje, na hakuweza kuiacha. Alimwita mkewe amwambie dereva asubiri. Hakuitikiwa. Alipotoka na mzigo kichwani alimwona Tulia amekuja kuwatunza ng'ombe, kamba yao mkononi, anacheka kwa kuficha mdomo. Alipofika barabarani, Atuganile alikuwa amekwisha kupanda, ameketi dirishani, kikapu magotini, anamwambia Meshaki aache kelele, kuna watu wamefiwa hapa.